UZI: Jamu kwenye boflo la mtoto, tunamlisha tunda au tunamlisha sukari? (Malindi, Lamu na majirani, karibuni)

Bi_Barani (Malindi), mleta uzi

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Nafundisha chekechea hapa Malindi. Saa nne watoto wakifungua mikebe yao, mingi ina kitu kile kile: slesi mbili za boflo, ndani siagi na jamu nyekundu. Ukimuuliza mzazi anakwambia, "Mwalimu, angalau apate matunda kidogo." Na anasema kwa nia njema kabisa. Mzazi aliyeamka alfajiri akampakia mwanawe chakula hastahili kulaumiwa. Ila kauli hiyo hainitulii moyoni, maana hatua chache kutoka geti la shule kuna mama anauza maembe na mapera kwenye karai, na mtoto huyo huyo wa jamu anapita hapo bila kuonja.

Naomba jambo hili tulitazame kwa hesabu, tuache mazoea.

Chukua chupa ya jamu uliyo nayo, igeuze, usome viambato. Utaratibu wa lebo ni kuanza na kile kilichozidi kwa uzito, kisha kushuka. Nyingi nilizosoma sukari ndiyo ya kwanza, tunda la pili, halafu pektini (ile inayogandisha jamu), asidi ya sitriki, rangi na kihifadhi. Hapo hakuna aliyemdanganya mtu, jamu ndivyo ilivyo. Kiwango cha Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, cha mwaka 2009 kinataka jamu ya kawaida iwe na tunda lisilopungua asilimia 45 (kuna daraja la chini la asilimia 35, na matunda mengine yana ruhusa yake), na vile vitu vilivyoyeyuka ndani yake, ambavyo karibu vyote ni sukari, vifike asilimia 60 hadi 65 au zaidi.

Sasa tia kwenye chupa ya gramu 500. Tunda lililotumika, kabla maji yake hayajakauka motoni, ni kama gramu 225, yaani nyama ya embe moja la wastani. Sukari ni kama gramu 300. Kijiko cha chai cha sukari kina gramu 4, kwa hiyo ni vijiko 75. Ukitoa sukari iliyokuja na embe lenyewe, bado unabaki na zaidi ya vijiko 60 vilivyomiminwa kutoka kwenye mfuko. Embe moja, vijiko 60. Hiyo ndiyo chupa tunayoiita matunda.

Kijiko kikubwa kimoja cha jamu, gramu 20 hivi, kinampa mtoto kalori 50 na kitu, sukari gramu 10 hadi 13, nyuzinyuzi hata gramu moja haifiki, protini ni kama hamna, na vitamini C miligramu moja au mbili. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo mwaka 2015: sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na ya juisi, isizidi asilimia 10 ya kalori za siku, na ikiteremka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Mtu mzima wa kalori 2000 kwa siku hiyo ni gramu 50, na ile bora ni gramu 25. Mtoto wa chekechea anayekula kalori kama 1300, mpaka wake ni gramu 32, na ule bora ni gramu 16. Slesi mbili zilizopakwa jamu vizuri zimeshammalizia ule mpaka bora, na chai ya maziwa ya asubuhi hatujaihesabu.

Msimamo wangu ni huu: jamu ihesabiwe upande wa sukari, pamoja na kashata, visheti na soda. Iliwe kama vitamu vingine vinavyoliwa, na isichukue nafasi ya tunda. Nauliza wenzangu wa hapa na wa Lamu: nyinyi mnapaka nini kwenye mkate? Nataka vitu vinavyopatikana soko la hapa, si vya kuagizwa Nairobi.

---

KakaMtangani (Malindi)

Mwalimu, ahsante kwa hesabu, lakini tuangalie na mfuko. Chupa moja ya jamu nyumbani kwangu inapaka mkate wa watoto watatu kwa muda mrefu, na haiharibiki. Embe nikilinunua leo, kesho kutwa limeshalainika. Pia asubuhi hakuna mtu wa kukaa kumenya. Jamu ni kufungua na kupaka. Mimi nasema kula kwa kiasi, basi.

---

Mama_Gede (Gede)

Nimesoma uzi huu nikasema sina budi nijibu, kwa sababu jamu ndiyo kazi yetu. Tuko kikundi cha kina mama, tunapika jamu ya embe na ya nanasi.

Mwalimu, hesabu zako sizipingi. Lakini watu waelewe kwa nini sukari ni nyingi hivyo, wasidhani sisi wapishi tunaimwaga kwa uchoyo wa utamu. Sukari kwenye jamu ina kazi mbili. Ya kwanza ni kuyashika maji. Ukungu na vijidudu vinahitaji maji ili viishi, na sukari ikishakuwa nyingi kiasi kile, maji yote yameshikwa, vijidudu havina cha kunywa. Ndiyo maana jamu inakaa kabatini. Kazi ya pili ni kugandisha. Pektini ya tunda haigandi peke yake, inataka sukari nyingi na ukali wa ndimu ndipo ishikane. Unachemsha hadi nyuzi joto 104 au 105. Asiye na kipimajoto anaweka sahani mahali pa baridi, anadondosha tone la jamu, anangoja kidogo, anasukuma kwa kidole. Ngozi ya juu ikikunjamana, imeiva. Ikitiririka, irudishe motoni.

Mtu akija akaniambia "Mama, punguza sukari nusu" bila kubadilisha kitu kingine chochote, nitamuuzia uji wa embe, na siku si nyingi utaota ukungu. Halafu lawama ni za kikundi.

Na kuna jambo la pili ambalo watu wa mjini hawalioni. Kuanzia Novemba hadi Februari huku kwetu embe halina mwenyewe. Boribo, Ngowe, Apple, Dodo, Batawi, yote yanaiva pamoja. Dalali anafika na lori, anataja bei ambayo hata nauli ya kupeleka gunia barabarani hailipi, na ukikataa anaenda shamba la pili. Yanayobaki yanaoza chini ya mti, nzi wanajaa. Jamu imetupa pesa ya karo kutoka kwenye maembe yaliyokuwa yanakwenda shimoni. Sitaki uzi huu umalizike watu wakisema jamu ya kina mama ni sumu, kisha waende dukani wanunue ya plamu iliyotoka bara.

---

Bi_Barani

Mama, shikamoo. Neno sumu mimi sijalitumia na wala sitalitumia. Jamu yako ya Ngowe nitainunua kabla ya ile nyekundu ya dukani, kwa sababu najua tunda lilitoka wapi na pesa inakwenda wapi. Ninachokipigania ni kwamba mzazi akiipaka ajue amempa mwanawe kitamu, na tunda bado anamdai.

Na hiyo habari ya maembe kuoza chini ya mti ndiyo inayoniuma zaidi. Eneo zima linanukia embe, na mkebe wa mtoto una stroberi ya chupa.

---

LisheKwanza (Kilifi)

Nafanya kazi ya lishe, naomba niongeze takwimu ili mlinganishe wenyewe. Zote ni kwa gramu 100.

Embe bivu: kalori 60, sukari gramu 14, nyuzinyuzi gramu 1.6, vitamini C miligramu 36 hivi, na ile rangi ya manjano ni karotini ambayo mwili unaigeuza vitamini A.

Papai: kalori 43, sukari gramu 8, vitamini C miligramu 60 hivi.

Pera: kalori 68, sukari gramu 9, nyuzinyuzi zaidi ya gramu 5, vitamini C miligramu zaidi ya 200. Someni tena hiyo namba ya pera. Chungwa tunalolisifu lina miligramu 50 na kidogo. Pera linaanguka uani kwetu na kuku wanalidonoa.

Jamu: kalori 250 hadi 280, sukari karibu gramu 50 au zaidi, nyuzinyuzi gramu 1, vitamini C miligramu 9 hivi.

Vitamini C haipendi moto wala hewa. Ukichemsha tunda muda mrefu kwenye sufuria iliyo wazi inapungua sana, na inaendelea kupungua chupani kadiri siku zinavyokwenda. Karotini inavumilia zaidi, kwa hiyo jamu ya embe haikosi kila kitu, lakini kwa kiasi cha kijiko kimoja huwezi kuihesabu.

Kuna jambo moja watu hulikosea, na linawahusu hasa wenye kisukari. Wanaitoa jamu, wanabaki na boflo jeupe, wanadhani wamepona. Ukipima kasi ya kupandisha sukari ya damu, glukosi ikiwa 100, jamu ya stroberi inakuja kama 50 na mkate mweupe kama 75. Sababu ni kwamba nusu ya sukari ya kawaida ni fruktosi, ambayo haipandishi glukosi ya damu moja kwa moja, na wanga wa mkate mweupe unavunjika haraka sana kuwa glukosi. Kwa hiyo tatizo la mkebe wa mtoto si kilichopakwa peke yake. Boflo jeupe, jamu, chai ya sukari: vyote vitatu vinavuta upande mmoja, na hata ukiongeza siagi, protini ni kidogo na nyuzinyuzi ni kidogo.

Sasa hizi chupa zilizoandikwa "haina sukari ya kuongezwa". Soma viambato. Ukikuta maji ya zabibu au ya tofaa yaliyokolezwa, hiyo ni sukari ile ile kwa jina la tunda, na mwongozo wa WHO unaihesabu. Zile za wagonjwa wa kisukari mara nyingi zina sobitoli, kitu kitamu kinachotiwa badala ya sukari. Inapandisha sukari taratibu, lakini ukizidisha tumbo litakuendesha.

Asali nayo mtu asijidanganye. Gramu 100 za asali zina sukari gramu 82, zaidi ya jamu. Na mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asilambishwe asali kabisa, hata tone, maana inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu ambavyo tumbo lake changa haliwezi kuvizuia. Najua bibi zetu huipaka ulimini mwa mtoto mchanga. Tuwaeleze kwa adabu, lakini tuwaeleze.

---

MjukuuLangoni (Lamu)

Salaam kutoka Amu. LisheKwanza, hapo kwenye boflo na kisukari umenigusa. Mamangu mzazi ana kisukari, na chakula chake cha jioni ni chai ya rangi na mkate. Mkate mkavu haumpiti kooni, kwa hiyo alikuwa akipaka jamu. Tukaitoa, akahamia tende, tena anasema tende ni sunna na haina madhara. Nimjibu vipi bila kumvunjia heshima?

Pia mjue hali ya kisiwani. Matunda mengi yanatoka bara, Mpeketoni na Hindi, yanapita Mokowe, yanapanda mashua, kisha punda, ndipo yafike Langoni. Kila mkono unaongeza bei. Embe la Malindi la karai na embe letu si bei moja. Na si kila nyumba ina friji, kwa hiyo mtoe mawazo yanayoweza kukaa.

---

LisheKwanza

Ndugu wa Langoni, mama usimwambie tende ni mbaya, kwa sababu si mbaya. Mwambie tende ina hesabu yake. Tende ndogo moja ina sukari gramu 4 hadi 5, kama kijiko cha chai cha sukari, ila inakuja na nyuzinyuzi na potasiamu. Tende moja au mbili ndani ya mlo ni jambo moja. Sahani ya tende mbele ya chai ni jambo jingine. Na sunna yenyewe haijasema kilo. Akipima sukari nyumbani, apime kabla ya kula, na tena zikipita saa mbili baada ya kula, aone mwenyewe mwili wake unajibu vipi. Kipimo humshawishi mzee kuliko maneno ya mtoto. Dawa asibadilishe bila kuongea na wahudumu wa kliniki yake.

Badala ya kupaka kitu kitamu, mpe kitu cha kuchovya. Watu wa Lamu mnacho tayari, ni mbaazi. Kikombe kimoja cha mbaazi zilizochemshwa kina protini gramu 11 na nyuzinyuzi gramu 11. Mkate ukiliwa na mbaazi, sukari inapanda polepole kuliko mkate peke yake. Tui liwe jepesi, chumvi kidogo. Na kwa mkate, wa mofa au wa atta ni afadhali kuliko boflo jeupe.

Kwa watoto wa mwalimu ni hivyo hivyo. Mbaazi zilizolala, zilizokauka mchuzi, zikipondwa kwa uma zinapakika kwenye mkate vizuri kabisa.

---

KakaMtangani

Mbaazi kwenye mkebe wa shule itamwagika ifanye fujo.

---

Bi_Barani

Ikipondwa nzito haimwagiki, kaka. Kuna mtoto mmoja darasani huletewa hivyo, mbaazi ndani ya chapati iliyokunjwa, na anamaliza yote. Wale wa boflo na jamu wengi hubakisha kingo za mkate, na kabla ya saa sita njaa imeshawashika tena, wanaanza kulialia.

---

BintShela (Lamu)

Mwalimu umeuliza tunapaka nini. Mimi nina vitu viwili ninavyovifanya mara kwa mara.

Cha kwanza ni embe na tukmaria. Zile mbegu nyeusi za mrehani tunazotia kwenye faluda. Watu wanahangaika na chia ya supamaketi ya bei ghali, na tukmaria iko kwenye maduka ya viungo kwa bei nafuu, na inafanya kazi ile ile: inavimba, inatoa utelezi, inagandisha. Ponda embe bivu kikombe kimoja, kamulia nusu ndimu, tia kijiko kikubwa kimoja cha tukmaria, koroga, iache nusu saa hadi saa moja. Ukiona bado nyepesi ongeza nusu kijiko. Hupiki, kwa hiyo ile vitamini C haipotei motoni. Sukari sitii hata chembe, embe bivu linatosha. Angalizo moja: tukmaria lazima iwe imeshavimba kabisa kabla mtoto hajala. Kavu inaweza kuvimbia kooni.

Cha pili ni pera. Kata mapera yaliyoiva pamoja na mawili matatu mabichi, kwa sababu bichi ndilo lenye pektini nyingi. Chemsha na maji kidogo sana mpaka yalegee, yapitishe kwenye chujio ya waya ili mbegu zibaki. Rudisha rojo motoni pamoja na tende nne au tano zilizotolewa kokwa na kupondwa, tia ndimu, koroga bila kuacha maana inashika chini na inaruka kama mchanga wa moto, usisimame karibu na uso. Ikiwa nzito kiasi kwamba mwiko ukipita unaacha njia chini ya sufuria, epua. Rangi inakuwa ya waridi iliyokolea na harufu inajaa nyumba nzima. Watoto wa jirani hunusa wakaja wenyewe.

Vyote viwili viwekwe kwenye friji. Embe siku tatu, usivuke nne. Pera linafika wiki.

---

Mzee_wa_Mambrui

Wanangu, mmesahau mbuyu. Kilifi nzima imejaa mibuyu, na watoto wanaujua ubuyu kama zile mbegu nyekundu za rangi na sukari zinazotia ulimi damu. Hizo nazo ni pipi. Ubuyu wenyewe ni ule unga mweupe ulio juu ya mbegu. Sisi tulikuwa tunaulowesha, tunaukoroga, tunautia kwenye uji. Hakuna aliyetununulia vidonge.

---

LisheKwanza

Mzee, shikamoo, na ahsante, hilo lilikuwa limenipita. Unga wa ubuyu una nyuzinyuzi karibu nusu ya uzito wake, kalisiamu kama miligramu 300 kwa gramu 100, na vitamini C inayotofautiana mti kwa mti lakini kwa kawaida ni nyingi kuliko ya chungwa. Tena haupikwi, mti wenyewe unaukausha ndani ya gamba lake. Na una pektini yake.

Kwa ndugu wa Langoni asiye na friji, huu ndio wa kwako. Unga mkavu unakaa miezi ukifungwa vizuri pasipo unyevu. Asubuhi ponda ndizi moja bivu, tia vijiko viwili vya chai vya ubuyu, koroga. Inakuwa nzito, kali kidogo, tamu kidogo, inapakika kwenye mkate. Tengeneza ya kula saa hiyo tu. Ukali wa ubuyu unazuia ndizi isigeuke nyeusi upesi, kwa hiyo hata mkebe wa mtoto hadi saa nne unafika ukiwa na sura nzuri. Kwa mama, nusu ndizi inatosha.

---

KakaMtangani

Hii nitaijaribu, maana ndizi nyumbani haikosekani. Na siagi ya karanga je? Mke wangu anasema ina mafuta mengi.

---

LisheKwanza

Ina mafuta, karibu nusu ya uzito, ila mengi ni ya aina nzuri, na ina protini gramu 25 kwa gramu 100, ambazo jamu haina. Kijiko kimoja kwenye slesi kinamshibisha mtoto kuliko jamu. Mambo mawili tu. Ukinunua ya chupa, tafuta iliyoandikwa karanga na chumvi basi, maana nyingine zimetiwa sukari. Ukisaga mwenyewe, chagua karanga moja moja: iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye ukungu, itupe, usimpe hata kuku. Ukungu wa karanga unatoa sumukuvu, na kukaanga hakuimalizi. Pwani yetu ina joto na unyevu, kwa hiyo karanga za zamani zilizokaa guniani ni za kuogopwa. Na mwalimu aulize darasani kama kuna mtoto mwenye mzio wa karanga kabla ya kuruhusu.

---

Mama_Gede

Nimefuata uzi hadi hapa na nimefurahi. Nataka kusema na wapishi wenzangu, kwa sababu naona biashara hapa.

Kuna pektini ya aina nyingine, inayogandishwa kwa kalisiamu badala ya sukari. Kwa hiyo unaweza kutengeneza jamu yenye tunda nyingi na sukari kidogo, ikaganda vizuri. Kinachobaki ni suala la kukaa: haikai kabatini ikishafunguliwa, lazima friji, na kabla ya kufungwa chupa lazima ichemshwe majini ipasavyo. Kisheria pia huwezi kuiita jamu kama haijafika kiwango cha sukari, unaiandika kwa jina lingine. Hapo KEBS, shirika la viwango la Kenya, ndio wa kuulizwa kabla ya kuchapisha lebo, wasije wakawarudishia mzigo.

Nimewaambia wenzangu msimu huu tujaribu chupa ndogo za gramu 200 za embe la Apple, tunda likitangulia kwenye lebo. Chupa ndogo inamalizika upesi, haingoji kuharibika. Ile jamu ya kawaida tutaendelea nayo, wageni wa mahoteli wanaipenda, na wao wanakula kijiko kimoja wakiwa likizo. Mwalimu, shule yako ikitaka kuonja, tutaleta.

---

Bi_Barani

Leteni, Mama. Muhula ukianza kuna mkutano wa wazazi, na nitaomba nafasi niseme yafuatayo. Jamu isizidi siku mbili kwa wiki, na ipakwe kwa kijiko cha chai, si cha mezani. Siku nyingine iwe mbaazi, karanga, yai, au ndizi na ubuyu. Na kila siku, hata ile ya jamu, kuwe na kipande cha tunda lenyewe ndani ya mkebe: kipande cha embe, pera, papai, chochote cha msimu. Pia nitazungumza na yule mama wa karai tuone kama anaweza kutukatia pera kwa bei ya jumla, wazazi wachange kidogo kidogo kwa wiki. Kwa mtoto asiye na mchango, mimi na walimu wenzangu tutaona.

---

MjukuuLangoni

Swali la mwisho kutoka kwangu. Lile rojo la pera la BintShela, bila friji linafika siku ngapi? Mama ameshaniuliza.

---

BintShela

Bila friji pika kidogo, la siku moja hadi mbili, kwa joto hili la kwetu. Liweke kwenye chupa ya kioo iliyochemshwa na kukaushwa, na uchote kwa kijiko kikavu kila mara, kijiko kilicholambwa kisirudi ndani. Ukiona povu, au harufu ya uchachu, usionje, mwaga. Na kwa mama, tende punguza ziwe mbili, ndimu ongeza. Msimu wa mapera ukifika njoo Shela nikupe ya kwetu, tunayo mengi.